Anwani Iliyofurika

Karani alikuwa bado yuko rumande asubuhi ile Inspekta alipoinama chini ya ngazi za ofisi ya hifadhi ya wanawake kuitazama mashine iliyomponza. Haikuwa na sura ya kitu cha kumfikisha mtu jela. Lilikuwa boksi jeusi lililojaa vumbi, limewekwa juu ya matofali ili maji ya deki yasiingie, na ubavuni mtu alikuwa amebandika karatasi: USIZIME. Pembeni yake paliegemezwa ufagio na mwavuli uliovunjika mbavu.

"Hii ndiyo posta yao," alisema Daktari.

Daktari hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa kompyuta wa kikosi, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, na jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hapelekewi mashine mpaka iwe imeshakufa. Alikuwa amekalia ndoo iliyofudikizwa, kompyuta yake mapajani, waya mmoja umechomekwa kwenye lile boksi.

"Barua pepe zote za ofisi zinapita humu," aliendelea. "Zinaingia, zinatoka, nakala zinabaki. Hata ile ya karani."

Ile ya karani Inspekta aliijua kwa kichwa. Ilikwenda duka la dawa: bomba la pumu limechelewa, mgonjwa anabanwa kifua, tafadhali mpeni mtu wa pikipiki alete moja kwa moja, nyumba yenye geti la kijani nyuma ya kiwanda cha sabuni. Kanuni ya kwanza ya hifadhi ilikuwa kwamba nyumba hiyo haiandikwi popote. Ndani yake walikaa wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao, na hata ndugu zao wa damu hawakuambiwa iko wapi. Karani aliiandika. Siku chache baadaye mume wa mgonjwa alisimama kwenye geti la kijani na kisu cha jikoni. Mgonjwa, mshonaji aliyekuwa ameanza kupata nuru usoni, alifia uani chini ya kamba za nguo.

Mume alikamatwa palepale. Hakukimbia wala hakukana. Kilichobaki ni kumjua aliyempa njia. Inspekta alimchukua karani kwa sababu, ukimtoa Mama Mlezi aliyeiongoza hifadhi, ni yeye peke yake aliyeijua nyumba ile na akayatoa maneno nje. Duka la dawa na mtu wa pikipiki walishahojiwa, hawakumjua mume wala mgonjwa.

"Mtoe yule karani," Daktari alisema.

"Sababu?"

"Hakumwambia mtu. Barua yake ilisomwa humu ndani ya mashine. Na aliyeisoma hakutumia neno la siri la mtu yeyote."

"Aliingiaje basi?"

Daktari aligeuza skrini ili wote waione. "Mtu akileta barua, programu ya posta inamuuliza kwanza: inatoka kwa nani? Anajibu kwa kutaja anwani yake. Programu imetenga nafasi ya kuiweka hiyo anwani wakati inaisoma. Nafasi ndogo tu. Aliyeiandika programu hakufikiri kama kuna kiumbe mwenye anwani ndefu kama treni."

"Na ikija ndefu?"

"Programu yenye adabu inapima kwanza. Ikiona imezidi, inakataa. Hii haipimi. Inamimina mpaka tone la mwisho."

"Inamwagika."

"Inamwagika."

"Inamwagikia wapi?"

Daktari alimtazama kwa jicho la mwalimu aliyepata mwanafunzi. "Hapo ndipo penyewe. Jirani kabisa na nafasi hiyo, programu imejiwekea kumbukumbu yake: nikimaliza kazi hii, nirudi wapi. Anwani ikifurika inaifunika kumbukumbu hiyo na kuandika yake juu. Programu inamaliza kusoma, inatazama: nirudi wapi? Inakuta agizo la mgeni na kulitii. Haijui kama si lake."

"Kama mlinzi aliyebadilishiwa amri."

"Kama mlinzi aliyebadilishiwa amri huku kalamu bado iko mkononi mwake." Daktari aligusa skrini kwa ukucha. "Sasa soma hapa. Programu imekufa. Ikajiwasha. Ikafa tena. Mchana mzima inakufa na kufufuka. Kila kifo ni jaribio. Ukikosea urefu wa anwani kidogo tu, programu haitii, inaanguka. Halafu hapa, vifo vinakoma."

"Alikata tamaa?"

"Alipatia."

Mama Mlezi alikuwa amesimama nyuma yao muda wote, mikono kifuani, mama mnene mwenye macho mekundu ya mtu asiyelala. "Kwa hiyo mtu yeyote duniani angeweza kuingia," alisema.

"Yeyote mwenye subira. Waliotengeneza programu walishalijua tundu hili na kutoa kiraka tangu mwaka jana. Kinawekwa kabla chai haijapoa."

"Fundi wetu alituambia kitu kinachofanya kazi kisiguswe. Ndiyo maana ya hiyo karatasi." Mama Mlezi alielekeza kidole kwenye neno USIZIME, kisha akakishusha. "Tuliogopa ikizimika, mwanamke anayeandika kuomba msaada siku hiyo atamwandikia nani."

Inspekta aliirudia skrini.

"Huyo aliyeingia alitokea wapi?" aliuliza.

"Alijificha nyuma ya mashine za watu, ng'ambo huko. Ule uzi umekatika, tusidanganyane. Lakini hakufuta maneno aliyoyatafuta." Daktari aliyasoma taratibu. "Kwanza jina kamili la marehemu. Hakupata kitu, maana humu hawaandiki majina. Kisha akaandika 'dadu'. Hakupata kitu. Kisha 'pumu'. Hapo akaipata barua ya karani. Akaifungua hiyo moja, akatoka."

"Hakusoma nyingine?"

"Hata moja. Siri za wanawake wa watu zimejaa humu tele, angeweza kubeba zote. Alichukua ile tu. Na hajaingia mwingine kabla yake wala baada yake, hilo nimelipekua mpaka chini."

"Dadu," Inspekta alirudia. "Mume alikuwa mcheza kamari."

"Basi unajua pa kuanzia," alisema Daktari, akaanza kukunja waya wake.

Kituoni Inspekta alitia saini ya kumwachia karani, akaenda mwenyewe kumfungulia. Karani hakuinuka kwenye benchi. Alikuwa mama wa makamo, kilemba kimemlegea, na alama za ukuta zimemshika mgongoni.

"Uko huru, mama. Tumegundua mtu aliingia kwenye mashine ya barua. Hukumwambia mtu."

"Nilisema hivyo tangu mwanzo."

"Ulisema. Samahani."

"Niende wapi?"

"Nyumbani."

"Mume wangu hajaja hapa hata mara moja. Majirani wameshapewa habari kwamba nimeuza roho ya mtu." Karani alisema bila kupandisha sauti, kama anayeagiza chumvi dukani. "Nikipita pale watanitazama hivyohivyo mpaka nife."

"Tutatoa taarifa. Tutasema hukuhusika."

"Barua niliiandika mimi, Inspekta. Alikuwa anapumua kama filimbi iliyoziba, nikaona nikifuata kanuni atanifia mikononi. Hilo mtalitolea taarifa gani?"

Aliinuka mwishowe, akajifunga kilemba vizuri, akatoka bila kuchukua viatu vyake. Askari wa zamu alimkimbilia navyo barabarani.

Mume wa marehemu aliletwa chumba cha mahojiano kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa na mabega mapana na kucha safi, na aliketi kama mtu aliyekuja kufuatilia pasipoti. Kuua alishakiri. Kila alipoulizwa nani alimpa njia, alitabasamu.

"Leo nina swali jepesi," alisema Inspekta. "Unacheza dadu?"

"Nacheza karata."

"Dadu je?"

"Dadu ni mchezo wa wavivu. Unarusha, unangoja. Mimi napenda kumtazama mtu usoni."

"Wenzako unaocheza nao. Nani kati yao anajua kompyuta?"

Alicheka kwa moyo. "Wale? Wale simu zao zenyewe wanawashiwa na watoto wao. Inspekta, unahangaika bure."

"Neno 'dadu' lina maana gani nyingine kwako?"

Alifikiri. Inspekta alimkazia macho, akitafuta kope kucheza, koo kumeza, kidole kujikunja. Hakuona kitu. Mtu yule alikuwa anafikiri kwa dhati, na hakuwa na jibu.

"Hakuna," alisema. "Mbona?"

"Mkeo ulikuwa unamwitaje?"

"Kwa jina lake. Ningemwitaje?"

"Nani alikuambia yuko wapi?"

Tabasamu lilirudi. "Nimeshawapa kuua. Hamkusumbuka hata kunifukuza. Hilo la pili litafuteni wenyewe, na mkilipata naomba mniite nije nione sura zenu."

"Ulilipia habari hiyo?"

"Senti tano sikutoa. Nililetewa nyumbani, nimekaa, nakula." Alijinyoosha kitini. "Ililetwa kwa machozi, Inspekta. Ningekataaje?"

Alikataa kusema zaidi. Inspekta alimrudisha, akabaki mezani na maneno yale mawili. Aliyetafuta ndani ya mashine alijua pumu ya marehemu na alijua neno ambalo mume wake hakulijua. Mwizi wa kukodiwa angetumia maneno aliyopewa na mume. Huyu alikuja na ya kwake. Tena alikuwa amefika kwa ajili ya mtu mmoja tu, asiguse cha mwingine. Inspekta alichukua funguo za gari, akaenda nyumbani kwa mama wa marehemu.

Msiba ulikuwa umeshaanuliwa, lakini viti vya kuazima vilikuwa bado vimepangwa ukutani, vikingoja mwenyewe avifuate. Mama wa marehemu alimkaribisha kwa mikono miwili. Alikuwa mdogo wa mwili, amekonda hata pete inamzunguka kidoleni. Kwenye kona, juu ya cherehani iliyofunikwa kitambaa, kijana wake alikuwa ameinamia kompyuta. Aliinuka, akasalimia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Poleni tena, mama."

"Tumeshapoa, mwanangu. Tufanyeje." Mama aliketi. "Huyu ndiye aliyebaki. Anafundisha kompyuta pale chuoni. Tangu mazishi hajarudi kazini, ananilinda mimi kana kwamba nami nitatoroka."

Inspekta alimtazama yule kijana. Kijana alitazama sakafu.

"Nimekuja kwa jambo dogo," Inspekta alisema. "Kuna neno tumelipata, tunadhani ni la mambo ya kamari ya mkweo. Dadu. Mliwahi kumsikia akilitaja?"

Mama alitabasamu, tabasamu la kwanza Inspekta kuliona usoni mwake, na lilikuwa baya kutazama kuliko kilio.

"Kamari wapi! Dadu ni binti yangu. Huyu hapa alipokuwa anajifunza kusema, 'dada' ilimshinda kabisa. Akawa anamwita Dadu, Dadu, huku anamburura kwa nguo. Likabaki la kwao wawili. Mimi mwenyewe sikuruhusiwa kulitumia, wananinunia." Aligeuka kwa mwanawe. "Si ndivyo?"

Kijana alifunga kompyuta. Aliifunga polepole, kama anayefunga macho ya mtu.

"Inspekta," alisema, "twende uani."

Uani palikuwa na karo la kufulia na sabuni iliyokauka juu yake. Kijana alibaki wima. Alikuwa bado hajaulizwa alipoanza kusema.

"Nilitaka kujua kama yu hai."

"Ni wewe uliyeingia kwenye mashine ya hifadhi?"

"Ni mimi."

"Eleza."

"Aliondoka bila kuaga. Tulipata ujumbe mmoja tu: niko salama, msinitafute. Mama akaacha kula. Alikwenda pale ofisini, wakamkatalia hata kumpa kiti. Mimi nikawaandikia barua pepe, wakanijibu: hatuwezi kukubali wala kukana kwamba yupo hapa." Alikwangua sabuni iliyokauka karoni. "Walituweka kapu moja na yule mnyama."

"Ndivyo kanuni yao."

"Nilijua. Niliichukia. Lakini barua yoyote hubeba mgongoni alama za posta ilikopita, ukijua pa kutazama. Nikatazama ile waliyonijibu. Nikaona jina la programu yao na toleo lake. Nilipoliona lile toleo nililitambua mara moja. Tundu lake nimelifundisha darasani, Inspekta. Nawaambia wanafunzi: msiandike programu namna hii, mtaua mtu."

Inspekta alimwashiria aendelee.

"Nilianza baada ya vipindi, mchana. Nikatengeneza anwani ndefu, nikatuma. Seva ikaanguka. Nikapunguza, nikaongeza, ikaanguka tena. Kila ikianguka najiambia hii ni ya mwisho. Kisha ikatii." Alitazama mikono yake. "Nikaandika jina lake, hakuna. Nikaandika Dadu, maana nilijua kama atajificha kwa jina la uongo, atachukua hilo. Hakuna. Nikakumbuka pumu."

"Ukapata nyumba."

"Nikaenda kesho yake. Nilisimama ng'ambo ya barabara kama mtu anayengoja basi. Geti lilikuwa wazi kidogo. Nikamwona anaanika nguo. Amenenepa. Kuna mwenzake alimwambia kitu, akacheka, akamrushia taulo. Sikumwita. Nilisema nikimwita nitamharibia. Nikageuka, nikaja zangu."

"Ukamwambia nani?"

"Hakuna mtu."

"Fikiri vizuri."

"Mama tu. Usiku ule alikula ugali wote, akaomba maji, akalala mpaka jua likawa juu. Nani mwingine ningemwambia?" Kijana alimsogelea Inspekta hatua moja. "Nimewaza sana. Nililiacha tundu wazi. Sikuwa na namna ya kuliziba. Kuna mtu alinifuata nyuma, akapita palepale. Shemeji alikodi mtu, sivyo? Mwambie mtaalamu wenu atazame vizuri. Lazima kuna mwingine aliyeingia baada yangu."

Inspekta angeweza kusema tunachunguza. Askari husema hivyo kila siku, na halimgharimu mtu.

"Hakuna," alisema. "Umeingia wewe peke yako."

Kijana alitikisa kichwa. "Haiwezekani."

"Mtaalamu amepekua mpaka chini. Na shemeji yako anasema aliletewa habari nyumbani kwake, kwa machozi."

"Machozi ya nani?"

Kijana akageuza shingo kuelekea mlango wa jikoni, ambako sauti ya mama yake ilikuwa inasikika ikiimba kwa chini huku sufuria zikigongana. Aligeuka haraka kumtazama Inspekta, na Inspekta akaona ameanza kuelewa na anapigana na kuelewa huko.

"Baki hapa," alimwambia. "Nitamuuliza peke yake."

Jikoni mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alimsogezea Inspekta kigoda bila kuacha kazi.

"Mama, marehemu alipokuwa kule hifadhi, wewe ulikuwa unajua alipo?"

Vidole vilisimama. "Amekwambia?"

"Amenambia."

"Usimfanyie ubaya, mwanangu. Alinionea huruma. Nilikuwa nakwisha." Aliuweka ungo chini. "Alinambia tu yuko nyuma ya kiwanda cha sabuni, geti la kijani, amenenepa, anacheka. Nililala siku ile kama mtoto. Sikwenda. Nilitaka kwenda, nikajizuia."

"Ulimwambia nani, mama?"

"Mimi? Nimwambie nani? Sijatoka humu ndani."

"Kuna mgeni yeyote alikuja?"

"Wageni siku zile sikuwa nao. Nani aje kwa mama ambaye binti yake kakimbia ndoa? Alikuja mzazi mwenzangu tu, maskini. Mama yake mkwe wangu."

Inspekta alingoja.

"Alikuja na kanga mbili za zawadi, akapiga magoti pale ulipokaa. Analia. Anasema, mzazi mwenzangu, nisamehe, nimezaa mtoto mbaya, nimemharibia binti yako. Anasema halali, anaota msichana amekufa mahali, hajulikani alipo. Nami najua usingizi ule. Nikamwinua. Nikamwambia, mwenzangu, futa machozi, mtoto yu mzima, yuko pale nyuma ya..." Mama aliokota punje ya mchele iliyoanguka, akaitazama. "Tulilia wote. Alinibusu mikono. Sikumwambia yule mwanaume, Inspekta. Yule nisingemwambia hata angenichinja. Nilimwambia mama mwenzangu ili naye apate..."

Nje mtu alikuwa anapita na baiskeli mbovu, mnyororo ukilalamika.

"Kwa nini unaniuliza hayo?" alisema mama.

Inspekta alikuwa na jibu mdomoni. Lilikuwa jibu fupi, na mahojiano yote ya kesi ile yalikuwa yamefika hapo.

"Kwa nini unaniuliza nilimwambia nani?" Mama alikuwa ameshika ukingo wa ungo, na mchele ulianza kuteleza upande mmoja. "Yule bibi hawezi... Yule alikuwa analia kweli. Inspekta. Nijibu."

"Anakuuliza kwa sababu yangu."

Kijana alikuwa mlangoni. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini, ila uso wake ulionyesha amesikia ya kutosha.

"Ni mimi, mama," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia shemeji."

"Unasema nini?"

"Alinipigia simu. Alilia, akasema anataka kumwomba Dadu radhi. Nikampa njia. Inspekta alitaka kuhakikisha kama kuna mwingine aliyesema. Yule bibi hahusiki. Wala wewe. Ni mimi."

Mama aligeuka kwa Inspekta. Aliuliza kwa macho tu. Kijana naye alimtazama, kwa macho ambayo Inspekta alikuwa ameyaona kwa watu wanaozama.

"Tunamchukua kituoni," Inspekta alisema. Ilikuwa kweli, na hakuongeza kitu.

Mama aliinuka. Mchele ulimwagika wote, ukatawanyika mpaka chini ya jiko. Alimfikia mwanawe, akampiga kofi, kisha la pili, kofi dhaifu la mkono uliokonda. Alipotaka kupiga la tatu mkono ulimshinda, akaushika kwa mkono mwingine kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Alikubeba mgongoni," alisema. "Mimi niko sokoni, yeye anakubeba mgongoni. Ukamuuza kwa simu."

"Ndiyo, mama."

"Usiniite mama. Inspekta, mtoe. Mtoe nisije nikamfanya kitu. Sina mtoto mimi. Nilikuwa naye mmoja, ameshazikwa."

Kijana alipiga goti, akakusanya mchele uliokuwa karibu na miguu ya mama yake ili asiukanyage, akauweka kwenye ungo. Kisha akanyoosha mikono yake kwa Inspekta. Inspekta hakumfunga pingu. Walipita katikati ya viti vya kuazima, wakatoka.

Ndani ya gari kijana alingoja Inspekta aweke ufunguo.

"Usiandike aliyoyasema mama," alisema.

"Nitaandika. Kuingia kwenye mashine ni kosa lako, utashitakiwa kwa hilo. La kumpa njia si lako, siwezi kukubandikia."

"Mimi nakiri."

"Umekiri uongo. Rekodi za simu yako zitakukana, na yule bibi ataitwa shahidi. Shemeji yako mwenyewe anangoja siku hiyo kwa hamu."

"Mama atakuwepo?"

"Kesi ya muuaji wa binti yake? Atakaa mbele kabisa."

Kijana aliegemeza kichwa kwenye kioo. "Kesi itaanza lini?"

"Sijui. Mahakama zimejaa. Pengine mwaka huu, pengine mwakani."

"Basi msiharakishe," alisema. "Mwacheni anichukie mimi kwanza. Anaweza kuishi nalo hilo."

Inspekta aliwasha gari. Kwenye kioo cha nyuma aliuona mlango wa nyumba ile ukifungwa, na hata kwa ngurumo ya injini walisikia wote wawili komeo likipita.